Penseli ya John Armstrong

Mwaka wa 1963, sisi tukijiandaa kupandisha bendera, Mmarekani mmoja kwa jina John Armstrong alitoa kitabu kuhusu kupanga reli za modeli. Nasema zile reli ndogo ambazo watu wazima kule Marekani hujenga kwenye vyumba vya chini vya nyumba zao, pamoja na stesheni na milima ya plasta. Armstrong alikuwa mhandisi katika maabara ya silaha ya jeshi la wanamaji. Baada ya kazi, alichora. Kitabu kinaitwa Track Planning for Realistic Operation, na nakala yangu niliipata kwa muuza vitabu vya mtumba Nairobi, kwa bei ya chapati mbili na maharagwe. Kusema kweli nilinunua michoro. Treni sina.

Tatizo lake lilikuwa hesabu. Katika HO, skeli inayopendwa zaidi, kila kitu hupunguzwa mara 87. Kilomita moja inakuwa mita 11 na nusu. Kona ya reli halisi yenye nusu kipenyo cha mita 300 inadai karibu mita tatu na nusu, yaani kona moja tu imemaliza chumba. Kwa hivyo kila mjenzi anadanganya, tofauti ni kiasi. Na penseli inapenda sana kusaidia uongo huo. Chukua panda, pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili. Ile inayoitwa namba 6 hutanuka hatua moja kwa kila hatua sita za kwenda mbele, na katika HO inakula karibu sentimita 30. Mkono ukichora bila kupima huifanya nusu ya hapo, maana mkono unataka stesheni ienee. Basi mtu ananunua mbao, anapiga misumari, halafu anagundua stesheni yake ya njia tano ina nafasi ya njia tatu.

Dawa ya Armstrong ilikuwa mraba. Chukua nusu kipenyo cha kona yako kali zaidi, kisha ongeza, mara mbili, umbali unaoachanisha njia zinazokwenda sambamba. Kona ikiwa sentimita 60 na njia zikiachana sentimita 5, upande wa mraba wako ni sentimita 70. Sasa chumba cha mita 2.8 kwa 3.5 kinakuwa miraba minne kwa mitano, na kona ya robo duara inakaa ndani ya mraba mmoja. Hapo unaweza kuchora bila rula, hata nyuma ya bahasha, na ulichochora kitajengeka.

Mwaka huo huo, kule MIT, Ivan Sutherland alikamilisha tasnifu yake kuhusu Sketchpad, programu iliyomwezesha mtu kuchora kwa kalamu ya mwanga kwenye skrini ya kompyuta ya TX-2. Ukiamuru mistari miwili iwe sambamba, inatii. Na ni MIT hiyo hiyo iliyokuwa na klabu ya treni za modeli tangu 1946, Tech Model Railroad Club. Wengine walipaka mabehewa rangi juu ya meza. Wengine waliishi chini ya meza, kwenye nyaya na swichi za simu. Hao wa chini ndio waliohamia kwenye TX-0 usiku, kisha PDP-1, na utamaduni wote wa wadukuzi ukatokea hapo. Mmoja wao, Richard Greenblatt, alizama kwenye mashine hadi akafeli na kutoka chuoni. Sentensi hiyo niliisoma mara tatu. Mimi nilitoka mwaka wa pili, ila kwangu ilikuwa karo.

Kompyuta zilipoingia majumbani, programu za kupanga reli zikafuata: CADRail, XTrkCAD, baadaye AnyRail na SCARM. Humo panda inakuja na kipimo cha kiwandani, huwezi kuibana. Hata mlima unahesabiwa. Treni kupita juu ya nyingine katika HO inahitaji kama sentimita 7.5, kwa mwinuko wa asilimia 2 hizo ni mita 3.75 za kupanda, na bado hujatia unene wa daraja. Penseli ingechora daraja na kuendelea na safari yake.

Lakini nilichora kwa njia zote mbili chuoni, muhula mmoja kwa ubao na rula T, wa pili kwa kompyuta, na najua kilichopotea. Kwenye karatasi, ulichofuta bado kinaonekana. Jirani anapita, anauliza kwa nini umebadilisha mawazo. Kwenye skrini mpango mbovu unatoka msafi sawa na mzuri. Tena programu inakuuliza ni kipande gani cha reli unataka wakati hujui bado treni inabeba nini. Armstrong alianza na orodha mbili: yasiyobadilika, kama ukubwa wa chumba, na unayotamani. Alifariki 2004, na sijaona programu yenye kisanduku cha matamanio.

Wiki jana nilipima chumba changu cha kupanga, mita tatu kwa tatu. Miraba 16, na baki kidogo. Kitanda kinachukua sita. Nimeshakifuta mara mbili, na alama yake bado iko pale kwenye karatasi.