Uhakiki wa spika: Haki kwa mnunuzi na kwa mtengenezaji

MNUNUZI wa spika ana taabu ambayo mnunuzi wa meza hana. Picha haitoi sauti, na dukani spika hulia katika chumba kisichofanana na chake nyumbani. Ndiposa hutegemea sikio la mhakiki, yaani mtu aliyeisikiliza spika kwa niaba yake na kuandika alichosikia. Mhakiki asipokuwa mkweli au makini, msomaji hupoteza pesa zake na mtengenezaji hupoteza jina lake.

Kesi ya Bose

Mvutano mashuhuri zaidi kuhusu suala hili ulizuka Marekani. Mnamo Mei 1970, jarida la Consumer Reports lilichapisha tathmini ya spika kadhaa, miongoni mwazo Bose 901. Spika hiyo, iliyotolewa mwaka wa 1968, ilikuwa na vipaza sauti vidogo tisa ndani ya kasha moja. Kimoja kilimwelekea msikilizaji; vinane vilielekea nyuma ili sauti igonge ukuta kwanza.

Jarida lilieleza kwamba sauti ya ala moja moja ilionekana kuvimba kupita kiasi na kutangatanga chumbani. Waliofanya jaribio hilo walikuwa watu wawili tu. Kampuni ya Bose ilitaka kauli hiyo isahihishwe, na ilipokataliwa ikaenda mahakamani. Jaji wa kwanza aliafikiana nayo: kwa ushahidi uliotolewa, sauti ilisogea ukutani baina ya spika mbili, wala haikuzunguka chumba kizima.

Mahakama ya rufaa ilitengua hukumu hiyo. Aprili 30, 1984, Mahakama ya Juu ya Marekani iliunga mkono utenguzi huo kwa kura sita dhidi ya tatu. Kwa mujibu wa kanuni iliyowekwa na mahakama hiyo mwaka wa 1964, mlalamishi wa aina hii hana budi kuthibitisha kwamba mwandishi alijua anasema uongo, au hakujali kama ni uongo. Kuteua neno lisilofaa hakutoshi kuthibitisha hila.

Uamuzi huo ulimkinga mwandishi aliyekosea bila nia mbaya. Haukusema kwamba alikuwa sahihi. Ikumbukwe kwamba shirika lililochapisha jarida hilo, lililoanzishwa mwaka wa 1936, lilinunua bidhaa madukani kwa pesa zake na halikupokea matangazo ya biashara. Mikono yake ilikuwa safi, lakini neno moja lilizaa kesi ya miaka mingi. Uaminifu wa mhakiki, basi, hauna budi kuandamana na usahihi wa lugha na wa jaribio lenyewe.

Macho hupotosha masikio

Mwaka wa 1994, Floyd Toole na Sean Olive, watafiti wa kampuni ya Harman inayotengeneza spika, waliwaita wafanyakazi 40 wa kampuni hiyo wasikilize spika nne. Walizisikiliza zikiwa zimefichwa, na pia zikiwa wazi. Zilipoonekana, zile kubwa na za bei ghali ziliongezewa alama, ilhali ile ndogo ya bei nafuu ilishushwa, ingawa ilikuwa imefanya vyema ilipofichwa. Hakuna aliyehongwa wala aliyekusudia kudanganya. Macho yalikuwa yameamua kabla ya masikio.

Aidha, kuna mitego mingine miwili. Kwanza, spika inayolia kwa nguvu kuliko mwenzake huelekea kupendwa zaidi, hata tofauti ikiwa ndogo. Kwa hivyo, kiwango cha sauti sharti kipimwe kwa kifaa na kusawazishwa kabla ya kulinganisha. Pili, spika iliyowekwa pembeni mwa chumba hutoa besi nzito kuliko iliyo mbali na ukuta. Kuhukumu spika mbili zilizowekwa mahali tofauti ni kuhukumu chumba.

Zawadi na matangazo

Hatari nyingine ni maslahi. Mhakiki aliyepewa spika bure, au ambaye mwajiri wake hulipwa na mtengenezaji kwa matangazo, huenda akalegeza kalamu pasi na kujua. Nchini Marekani, miongozo iliyorekebishwa mwaka wa 2009 iliwataka wanaosifu bidhaa kufichua uhusiano wa namna hiyo, na tangu Oktoba 2024 kanuni mpya inapiga marufuku uhakiki bandia.

Nchini Kenya, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka wa 2012 inakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa. Hata hivyo, mnunuzi anayetembelea maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi, bado hukuta makasha yenye maelfu ya wati za 'PMPO', kipimo kisicho na kanuni moja inayokubalika. Mhakiki anayenakili tarakimu hiyo bila kuipima huwa amegeuka mpiga debe wa muuzaji.

Msomaji anaweza kuupima uhakiki wenyewe kwa maswali machache. Je, spika ilinunuliwa, iliazimwa au ilitolewa zawadi? Ililinganishwa na ipi, na je, sauti zilisawazishwa? Wasikilizaji walikuwa wangapi, na walijua wanasikiliza spika gani? Je, mtengenezaji alipewa nafasi ya kujibu? Uhakiki usiojibu maswali haya usimfanye mtu afungue kibeti chake kabla hajaisikiliza spika mwenyewe, kwa muziki anaoufahamu.