Audrey Richards na Chungu cha Wabemba

Kabla ya miaka ya 1930, wanaanthropolojia walipoandika habari za chakula, mara nyingi walikigusia kikiwa pembeni mwa jambo lingine: kafara, mwiko, karamu ya mtawala. Mlo wa kila siku wa mkulima haukuwashughulisha sana. Audrey Richards, Mwingereza aliyesomea sayansi Cambridge kisha akawa mwanafunzi wa mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski mjini London, aliona hilo ni kosa kubwa. Katika kitabu chake cha kwanza, kilichotoka mwaka 1932, alishikilia kwamba haja ya kula inawaunganisha binadamu kwa nguvu kuliko hata mapenzi.

Wakati huo alikuwa ameshafika kwa Wabemba wa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Huko aliwakuta watu waliokwisha kula mahindi manne matano ya kuchoma wakilalamika kwamba tangu asubuhi hawajatia kitu kinywani. Walisema kweli. Kwa Mbemba chakula ni ubwali, ugali mzito wa ulezi, na kitoweo chake. Msomaji wa Dodoma au Kisumu hana haja ya kufafanuliwa.

Richards akaufuata ubwali huo hadi ulikotoka. Alipima vyakula, na akishirikiana na mtaalamu wa lishe Elsie Widdowson akachapisha matokeo mwaka 1936. Lakini uzito wa kazi yake haukuwa kwenye mizani. Ulezi ulilimwa kwa chitemene: wanaume hupanda juu ya miti na kukata matawi, wanawake huyabeba na kuyarundika, moto huwashwa kabla ya mvua, na mbegu hupandwa kwenye majivu. Mwanamume asipokuwepo, nani atapanda mtini? Na wanaume wengi hawakuwepo, maana walikuwa wamekwenda kutafuta mshahara kwenye migodi ya shaba, na kodi ya mkoloni ilidai fedha taslimu. Mvua ziliponyesha na maghala kuwa matupu, kazi shambani zilizorota, na Wazungu wakawaita watu hao wavivu. Richards alijibu kwa hesabu za chakula: mwili usiolishwa haulimi.

Kisha akaingia jikoni, na kwangu mimi hapa ndipo penye utajiri wa kitabu chake cha mwaka 1939 kuhusu ardhi, kazi na lishe. Bibi arusi wa Kibemba hakuwa na jiko lake. Alipika pamoja na mama yake, naye mumewe akawatumikia wakwe kwa miaka kadhaa kabla mkewe hajapewa moto wake mwenyewe. Mama na binti zake walioolewa walishirikiana kupika na kugawa. Kwa hiyo shibe ya mtu ilitegemea ukubwa wa shamba, na pia ilitegemea ni akina nani wanaomhesabu kuwa mtu wao. Hakuna kipimo cha maabara ambacho kingeweza kuligundua hilo.

Kati ya mwaka 1950 na 1956 Richards aliongoza Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki huko Makerere. Huko alisimamia utafiti juu ya vibarua waliomiminika Buganda, wengi wao kutoka Rwanda na Burundi. Swali lilikuwa lile lile la wanaoondoka na wanaobaki, likitazamwa sasa kutoka upande wa pili.

Mwaka 1994 Henrietta Moore na Megan Vaughan waliirudia kazi yake ya kwa Wabemba katika kitabu chao juu ya eneo hilo hilo. Walionyesha kwamba chitemene haikuporomoka kama alivyohofia. Wanawake walipata wakataji kwa njia nyingine, kama vile kuwapikia pombe, na muhogo ukaziba pengo la ulezi. Masahihisho hayo ni ya haki. Yaliwezekana kwa sehemu kubwa kwa sababu Richards alikuwa ameandika, siku baada ya siku na kijiji kwa kijiji, nani alikwenda shamba, nani alibaki, na chungu cha nani hakikutelekwa.