Kufunzana: Msaada wa Mwanafunzi kwa Mwanafunzi katika Safari ya Uhandisi

Kiswahili kimehifadhi busara kubwa katika maneno machache. Fundi, mwanafunzi na mafundisho ni maneno ya shina moja. Yote yametoka katika kitenzi kufunda, yaani kumpa mtu maarifa pamoja na adabu ya kuyatumia. Kwa mujibu wa lugha yetu, basi, fundi na mwanafunzi ni ndugu wa nyumba moja: mmoja ametangulia hatua chache, na mwingine anamfuata. Neno mhandisi limekuja kwa njia nyingine. Tumelipokea kutoka Kiarabu, na Waarabu nao walilichukua katika neno la Kiajemi lenye maana ya kipimo. Mhandisi ni mtu wa vipimo. Insha hii yasimulia jinsi vijana wa Afrika Mashariki walivyopanda ngazi ya kutoka ufundi hadi uhandisi, hasa katika mji wa Nairobi, na jinsi mwanafunzi alivyomshika mkono mwanafunzi mwenziwe katika kila kipandio cha ngazi hiyo.

Desturi ya kufunzana ni ya kale kuliko vyuo vikuu. Wazee walisema: mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Maana yake ni kwamba katika karakana ya mhunzi hapakuwa na mtazamaji. Aliyekuwa hajaweza kufua chuma alivuta mivukuto, na alipokuwa akivuta alimtazama aliyemzidi kidogo, akajua kesho yake itakuwaje. Katika vyuo vya Kurani vya pwani yetu hali ilikuwa hiyo hiyo. Mwalimu alikuwa mmoja na watoto wengi, kwa hiyo mwanafunzi mkubwa aliketi na wadogo, akawasikiliza na kuwasahihisha, naye akaenda kusahihishwa na mwalimu.

Watu wa mbali nao waliiona faida hiyo. Kasisi mmoja wa Uskochi, jina lake Andrew Bell, alikabidhiwa shule ya mayatima mjini Madras, Bara Hindi, mwaka 1789. Walimu walipomshinda aliwaweka watoto wakubwa kuwafundisha wadogo, na mambo yakaenda. Mwaka 1798 Joseph Lancaster alifungua shule katika Borough Road, London, akatumia njia iliyokaribiana na hiyo. Kwa miaka mingi shule za namna hiyo zilienea katika nchi nyingi, kwa sababu zilifundisha watoto mamia kwa gharama ndogo. Hatimaye zilififia, na sababu yake yafaa ikumbukwe, maana tutairudia mbele. Mtoto aliyefundisha alijua machache tu, akayakariri, na wenzake wakakariri pamoja naye bila ya kufahamu. Wakubwa walidhani wamepata njia ya kuepuka gharama za walimu.

Sasa na tuje Nairobi. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika hapa mwaka 1899, ikafika ziwani Kisumu mwaka 1901. Mji wenyewe ulizaliwa na reli. Karakana za gari la moshi zilikuwa shule ya kwanza kubwa ya mitambo katika nchi hii, ijapokuwa hazikuitwa shule. Lakini shule hiyo ilikuwa na milango mitatu. Kazi ya uhandisi ilishikwa na Wazungu. Ufundi wa chuma, mbao na mawe ulishikwa zaidi na Wahindi. Mwafrika alipewa kubeba, kuchimba na kusafisha. Mishahara nayo ilipangwa kwa rangi. Mwafrika aliyetaka kujua siri ya mashine hakuwa na darasa. Alijifunza kwa macho, na kwa rehema ya mwenziwe aliyekuwa amekwisha ruhusiwa kushika spana.

Mtaa wa Kibera ulianza katika miaka hiyo hiyo. Mwanzoni mwa karne ya 20 askari Wanubi wa jeshi la King's African Rifles walikalishwa katika msitu uliokuwa kusini-magharibi ya mji, nao wakapaita Kibra, yaani msitu. Baadaye watu wa makabila mengi waliotafuta kazi walijenga humo, na reli ya kwenda Kisumu ikapita mlangoni mwao. Upande wa magharibi ya mji ukakua mtaa wa Kawangware, pamoja na sehemu yake iitwayo Kongo. Mitaa hii miwili imetoa mikono mingi iliyoujenga mji: waashi, maseremala, wachomeaji vyuma, mafundi wa magari na mafundi wa umeme. Katika vibanda vya kazi vya mitaa hiyo mpaka leo mwanagenzi hujifunza kwa mwanagenzi. Mwenye karakana huonyesha mara moja. Aliyekuja mwaka jana humwonyesha mara kumi yule aliyekuja leo.

Serikali ya kikoloni ilifungua mlango wa mafunzo ya kazi hatua kwa hatua. Mwaka 1922 shule ya ufundi ilianza Makerere, Uganda, ikiwa na vijana 14 tu, wakafundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Mwaka 1924 chuo cha ufundi cha Waafrika kilianzishwa Kabete, si mbali na Kawangware. Chuo hicho kipo hata leo, nacho sasa ni Politekniki ya Taifa ya Kabete. Vijana waliotoka humo walijua kazi kweli, lakini njia yao ilikomea hapo. Mtu aliweza kujenga nyumba kwa mchoro wa mwingine. Kuuchora mchoro wenyewe hakukuwa sehemu yake.

Kipandio cha juu kilipatikana mwaka 1951, hati ya kifalme ilipotolewa ya kuanzisha Royal Technical College mjini Nairobi. Wahindi wa Afrika Mashariki, waliokuwa wakichanga fedha za kujenga chuo cha kumkumbuka Mahatma Gandhi, waliunganisha mpango wao na huo. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1956. Chuo hiki hakikubagua rangi, na katika nchi ambayo shule za watoto zilikuwa zimetengwa kwa rangi, jambo hilo halikuwa dogo. Vijana waliokatazwa kuketi pamoja utotoni sasa waliketi mbele ya ubao mmoja. Mwaka 1961 jina lilibadilika kuwa Royal College, Nairobi, na wanafunzi wakatayarishwa kwa digrii za Chuo Kikuu cha London, digrii ya uhandisi ikiwa mojawapo. Mwaka 1963 chuo kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Dar es Salaam, na mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Nairobi. Uganda na Tanzania zilikuwa bado hazina vitivo vyao vya uhandisi, kwa hiyo vijana wa nchi hizo nao walikuja Nairobi. Dar es Salaam ilipata kitivo chake mwaka 1973.

Yafaa tufikiri juu ya mzigo wa mwanafunzi wa siku zile. Vitabu viliandikwa ng'ambo. Mifano yake ilikuwa ya madaraja ya nchi za baridi na mitambo ambayo kijana hakuwahi kuiona. Mtihani ulipimwa kwa kipimo cha London. Nyumbani kwake hakuna aliyemtangulia katika njia ile. Baba aliweza kumwombea dua, hakuweza kumwelekeza katika hesabu. Kijana wa namna hiyo hakuwa na mjomba mhandisi wala kaka mhandisi. Aliyekuwa naye ni jirani yake wa bwenini, aliyekuwa mwaka wa pili.

Miaka ilipopita ugumu ulibadilika sura, haukuondoka. Mwaka 1985 Kenya ilianza mfumo wa elimu wa 8-4-4, ikaondoa kidato cha tano na cha sita. Mwaka 1990 kundi la kwanza la mfumo huo liliingia vyuo vikuu. Mwanafunzi wa uhandisi aliongezewa mwaka mmoja, masomo yakawa ya miaka mitano. Lakini ile miaka miwili ambayo zamani ilimzoeza hisabati ya juu kabla ya kuingia chuoni haikuwapo tena. Vyuo vilizidi kuwa vingi na madarasa yakajaa. Mhadhiri mbele ya mamia ya wanafunzi hawezi kujua ni nani ameachwa nyuma. Aghalabu anayeachwa hujificha, kwa kuwa shuleni kwao alikuwa wa kwanza, naye huona haya kusema kwamba hakuelewa.

Haya hiyo imechunguzwa kwa makini huko Marekani. Katika miaka ya 1970 kijana mmoja, Uri Treisman, alikuwa akifundisha hisabati katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, naye mwenyewe bado mwanafunzi. Aliona kwamba wanafunzi Weusi wengi walianguka katika kalkulasi, hisabati ya mabadiliko ambayo bila yake hakuna uhandisi, na wanafunzi wenye asili ya China wengi walifaulu. Alipowauliza walimu sababu, walimjibu kwamba vijana Weusi hawana hamu, au wametoka shule dhaifu, au ni maskini, au wazazi wao hawajali elimu. Treisman hakutosheka. Alichagua wanafunzi 20 wa kila upande akawafuata wanakoishi na wanakosoma. Majibu yale yote yakaonekana si kweli. Vijana Weusi walikuwa na hamu, na wazazi wao walijitahidi sana kwa ajili yao. Lakini walisoma peke yao, kwa kuwa kujitegemea ndiko kulikowafikisha chuoni. Wale wa asili ya China kila mmoja alifanya hesabu zake kwanza, kisha wakakutana, wakalinganisha majibu, wakakosoana na kucheka. Kila mmoja alijua amesimama wapi miongoni mwa wenzake. Yule wa peke yake alipokwama alidhani amekwama yeye tu.

Mwaka 1978 Treisman alianza kukusanya wanafunzi katika vikundi vya kufanya hesabu pamoja. Hakuwapa hesabu nyepesi za watu walioshindwa. Aliwapa ngumu kuliko za darasani, akawaacha wabishane. Waliohudhuria walifaulu vizuri zaidi kuliko wenzao waliobaki nje. Katika miaka hiyo hiyo, mwaka 1973, Deanna Martin wa Chuo Kikuu cha Missouri mjini Kansas City alianza njia nyingine: mwanafunzi aliyekwisha faulu somo gumu hurudi kuketi katika mihadhara ya somo lile lile, halafu huongoza mazungumzo ya wanaolisoma sasa. Njia hiyo imeenea katika nchi nyingi, Afrika Kusini ikiwa mojawapo. Tazama jinsi elimu ya kisasa ilivyozunguka dunia ikarudi kwenye kibanda cha mhunzi.

Historia hii yamhusu sana kijana wa Kibera au wa Kongo aliyeitwa kusomea uhandisi leo. Huenda analala chumba kimoja na ndugu zake, na majirani hawapunguzi sauti ya redio kwa sababu yeye ana mtihani. Anapoanguka somo moja ada haimsubiri, na wazazi waliouza walicho nacho hawana cha kuuza tena. Kwake yeye kundi la wanafunzi wanne au watano si anasa. Kundi humpa mahali pa kusomea, kitabu ambacho hakukinunua, na sikio la mtu aliyekwama pale pale alipokwama yeye mwezi uliopita. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, lakini si kila mtu anaweza kumwuliza profesa. Kumwuliza mwenzio ni rahisi zaidi.

Hata hivyo yako mambo matatu ambayo historia yatuonya. La kwanza, kusaidia si kutenda badala ya mwingine. Anayempa mwenziwe jibu la kunakili, au anayemsaidia kuingiza katika mtihani kile kikaratasi cha siri ambacho wanafunzi wa Kenya hukiita mwakenya, hakumsaidia bali amemnyang'anya elimu. Boriti iliyopimwa vibaya haisamehi kwa kuwa mpimaji alikuwa na marafiki wema. La pili, kila mmoja na aje na jasho lake. Kundi lililo bora ni lile ambalo kila mtu amejaribu kwanza peke yake, ili anapokuja aulize swali, asiombe sadaka. La tatu, wanafunzi hawawezi kuwa badala ya walimu. Kosa la shule za Bell na Lancaster lilikuwa kugeuza udugu kuwa njia ya kubana matumizi. Serikali na vyuo vikuu vina wajibu wa kuweka wahadhiri wa kutosha, maabara na vitabu, na kufunzana kwa wanafunzi kusiwe kisingizio cha kuusahau wajibu huo.

Anayefundisha naye ana faida yake. Mtu hajui kwamba amefahamu jambo mpaka amelieleza kwa mwingine na kuulizwa kwa nini. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayemweleza wa kwanza jinsi nguvu zinavyogawanyika katika paa hugundua pengo katika maarifa yake mwenyewe, akaenda kuliziba. Zaidi ya hayo hujizoeza kazi atakayoifanya maisha yake yote, maana daraja halijengwi na mtu mmoja. Mpimaji humtegemea mchoraji, mchoraji humtegemea mwashi, na wote hutegemea kwamba kila mmoja atasema waziwazi anapokuwa hajaelewa.

Miaka zaidi ya 100 imepita tangu Mwafrika wa Nairobi alipojifunza siri ya mashine kwa kuchungulia tu. Milango mitatu ya rangi imefungwa, na mlango mmoja umebaki, lakini kizingiti chake bado kiko juu. Waliokivuka zamani hawakuvuka kwa akili zao peke yake. Kila mmoja alikuwa na mtu aliyetangulia hatua chache akageuka nyuma kumwangalia. Kijana atakayefika mwaka wa pili ana deni kwa yule wa mwaka wa kwanza, na deni la namna hiyo hulipwa kwa anayefuata.