Maotea, Si Madini ya Upili

Mwaka jana nililetewa kitabu cha kiada ambacho mswada wake niliusoma mimi mwenyewe kabla haujakwenda kupigwa chapa. Katika sura ya madini wameweka picha nzuri ya azuriti kutoka Tsumeb, Namibia: fuwele za buluu nzito, pembe zake kali, zimekaa juu ya jiwe la kijivu. Chini yake yameandikwa maneno haya: "Madini ya upili ya shaba." Katika mswada nilioufanyia kazi kwa miezi mitatu, mahali hapo palikuwa na neno maotea. Nililiandika kwa wino, nikaambatanisha na maelezo ya ukurasa mmoja na nusu. Hakuna aliyeniuliza. Nilipouliza mimi, nikajibiwa kwamba kamati imeshapitisha.

Sina haja ya kuwafundisha wasomaji wa ukurasa huu maotea ni kitu gani. Mbale ya shaba au ya risasi inayolala chini ikiwa imeungana na salfa hufikiwa na maji ya mvua yenye oksijeni na kaboni dioksidi. Salfaidi huvunjika, metali huyeyuka majini, na inapokutana na mwamba wa chokaa au uwazi ndani ya jiwe huganda upya katika umbo na rangi nyingine. Kutokana na shaba tunapata malakiti ya kijani, azuriti ya buluu na dioptasi, ambayo kijani chake kiliwahi kuwadanganya watu wakaidhania zumaridi. Kutokana na risasi tunapata serusiti, wulfeniti ya rangi ya chungwa, na vanadiniti nyekundu kama ile ya Mibladen, Morocco. Hivi ndivyo vielelezo ambavyo wakusanyaji wa fuwele duniani kote huvifungia pamba na kuviweka kabatini. Hoja yangu inahusu jina.

Kwanza nilitazame hilo "upili". Waliolipitisha waliona neno la Kiingereza secondary, linaloanzia Kilatini secundus, wakahesabu: moja, mbili, basi ni la pili. Lakini secundus kwa Warumi halikuanza kuwa namba. Linatoka katika kitenzi sequi, kufuata. Secundus ni kile kinachofuata, kinachokuja nyuma ya mwenziwe kwa sababu mwenziwe ametangulia. Upepo unaolisukuma jahazi kutoka tezi, ukafuatana nalo linakokwenda, Warumi waliuita kwa neno hilohilo, na hakuna baharia aliyeuhesabu kuwa upepo namba mbili. Kwa hiyo waliotupa "upili" wametafsiri namba na kuiacha maana. Kati ya kalkopairiti, salfaidi ya shaba na chuma, na malakiti iliyozaliwa kutokana nayo kuna ufuatano wa nasaba, na namba haiwezi kuusema.

Halafu kuna madhara ya darasani. Kwa Wakenya upili ni shule ya upili. Kwetu Tanzania wapo wanaoandika "madini ya sekondari", na yale yaliyotangulia wakayaita "madini ya msingi". Mwanafunzi aliyetoka shule ya msingi akaingia sekondari atafikiri nini? Nimemsikia kwa masikio yangu kijana mwenye akili akimweleza mwenzake kwamba malakiti ni madini ya ngazi ya juu kuliko kalkopairiti, kwa kuwa kalkopairiti ni ya msingi tu. Hakukosea yeye. Alilielewa neno kama alivyopewa.

Mtu mwingine, ambaye ameandika sana na simtaji jina, anapendekeza "madini masalia". Masalia ni kinachobaki baada ya kitu kwisha: mifupa, magofu, majivu ya jiko. Ukishika kipande cha dioptasi mkononi ukakitazama kwenye mwanga, huoni masalia ya chochote. Unaona kitu kilichokua pale ambapo hakikuwepo. Wapo pia wanaotaka "kutu", na hao ninawaheshimu zaidi, maana kikemia wako karibu. Waarabu wana zinjari kwa ukoga wa kijani unaoota juu ya shaba, na bibi zetu waliosugua sinia kwa ndimu na majivu waliujua vizuri. Lakini kutu hula. Kutu ni unga, haina umbo, na mwenye kuiona huchukua msasa. Neno linalomfanya msomaji atake kusugua haliwezi kulibeba jambo ambalo mtu husafiri kilomita elfu kuliona.

Sasa maotea. Nililisikia kwa bibi yangu Rufiji, kabla sijajua kuandika. Mpunga ukishavunwa, visiki vikabaki shambani, unyevu ukirudi vinatoa machipukizi mapya yasiyopandwa na mtu. Hayo ni maotea. Sisi watoto tulikuwa tukikimbia kukatiza shambani, naye akituita: "Wajukuu zangu, msikanyage maotea!" Zao la kwanza limekwenda ghalani, na kutoka kwenye shina lake, kwa maji tu, linakuja jingine. Naomba asomaye arudie aya niliyoandika juu ya mvua inayoshuka kwenye mbale ya salfaidi, kisha anitajie neno la Kiswahili linalolingana zaidi na tukio hilo.

Mzizi wake ni -ota, na fuwele, kwa lugha ya kila anayezijua, huota. Kiswahili kina -ota tatu zilizokutana chini ya sauti moja: kuota kwa mche, kuota ndoto, na kuota moto. Si asili moja. Wakikuyu bado wanasema kũroota kwa ndoto, na konsonanti ambayo wao wameihifadhi sisi tumeipoteza, ndiyo maana kwetu mwotaji na mche vinafanana. Ya kwetu hapa ni -ota ya mche. Ikiongezewa kiambishi cha kutendea inakuwa -otea, kuota mahali au juu ya kitu, kama nyasi zilivyootea njiani. Kwa ma- ya mwanzo inakuwa nomino, kama -zoea ilivyotupa mazoea. Muundo ni wa Kibantu safi, hauna kiraka. Neno halikubuniwa na mimi wala na kamati yoyote. Limekaa shambani likisubiri.

Na neno madini lenyewe linashuhudia upande wangu. Ni la Kiarabu, ma'din, kutoka mzizi a-d-n, kukaa mahali na kutulia, mzizi uleule ambao wafasiri huutumia kuieleza Jannati Adni, bustani za kukaa milele. Madini, kwa asili, ni makazi: pale kitu kilipotulia. Kalkopairiti ilikuwa na makazi yake, ikaondolewa humo na maji, na shaba yake ikapata makazi mapya. Neno la namba halina habari na safari hiyo. Maotea linayo.

Ushahidi mwingine niliupata Lubumbashi, nilikokwenda kwa shughuli nyingine kabisa. Katanga, ulimo mji huo, ni nchi ya shaba hata kwa jina: kuanzia 1971 hadi 1997 mkoa huo uliitwa Shaba, neno letu. Karne nyingi kabla ya Wabelgiji, wahunzi wa huko waliyeyusha malakiti wakapata misalaba ya shaba iliyofanya kazi ya fedha mbali na kwao. Walichokiyeyusha kilikuwa maotea. Kijana mmoja aliyekuwa akiuza mawe alinionyesha kipande kutoka upande wa Kolwezi, Lualaba: malakiti chini, na juu yake kalsiti iliyogeuzwa waridi na kobalti, fuwele ndogondogo zinazometa. Nikamuuliza vimekujaje kuwa pamoja. Akanijibu kwa Kiswahili cha kwao: "Papa, hii njo inameaka mu jiwe." Inamea ndani ya jiwe. Hakusema ni ya pili. Nilikinunua kwa bei aliyoitaja, sikupunguziwa wala sikuomba.

Na kule Tsumeb, ilikotoka ile azuriti ya kitabuni, mgodi uliofanya kazi tangu 1907 hadi 1996, maji yalipenya kwenye nyufa hadi vilindini, na ndiyo sababu madini ya aina zaidi ya 200 yametambuliwa mahali pamoja, mengi yakiwa maotea. Humo kuna vielelezo ambavyo vilianza kuwa azuriti vikageuka malakiti bila kuacha umbo: pembe na nyuso ni za azuriti, kijani ni cha malakiti. Je, hiyo nayo tuiite ya tatu? Mwenye "upili" analazimika kuendelea kuhesabu. Mwenye maotea anasema ni maotea juu ya maotea, na mkulima yeyote anaelewa.

Nimepingwa kwamba msomaji akiona maotea atakumbuka mpira, mchezaji ameotea na mwamuzi msaidizi amenyanyua kibendera. Pingamizi hili lilitolewa mbele ya watu, na walicheka. Kiungo ni sehemu ya mwili, ni mchezaji wa katikati, ni bizari katika pilau, na sijamwona Mswahili aliyechanganyikiwa mezani. Tena waliocheka siku hiyo ni walewale wanaotumia makinikia bila kusita. Neno hilo lilienea mwaka 2017, serikali ilipozuia kusafirisha nje mchanga wenye dhahabu na shaba. Kumakinika ni kutulia kimawazo, na mchanga haumakiniki. Lilipita mlango usio wake, magazeti yakalirudia kila asubuhi, likakaa. Silipingi tena. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba neno lenye mizizi halifai na lisilo nayo linafaa.

Matumizi ni mepesi. Maotea halina umoja, kama maji na mazoea: maotea haya, maotea ya shaba, ya risasi, ya zinki. Kipande kimoja ni kielelezo cha maotea. Yaliyotangulia ni madini shina. Tanzaniti ya Mererani si maotea, kwa kuwa ilizaliwa na joto na mgandamizo ndani ya mwamba, haikuchipuka kutoka kwenye mbale iliyooza.

Kabatini kwangu nina vielelezo 41, na kila kimoja kina karatasi yake. Kile cha Kolwezi nimekiandikia: Kalsiti ya kobalti na malakiti, maotea, Lualaba. Kitabu nilichokitaja kinaandaliwa toleo la pili, na hapo neno "pili" limekaa mahali pake. "Upili" limo katika kurasa saba. Nimeziorodhesha, nimeambatanisha tena ule ukurasa mmoja na nusu, na nimeupeleka mwenyewe kwa mkono.