Mumiani si vampaya

Katika Dracula, riwaya ya Bram Stoker iliyotoka mwaka 1897, mnyonya damu hawezi kuingia nyumbani kwa mtu mpaka akaribishwe. Sharti hilo limehamia kwenye michezo ya uhusika, ile ambayo watu huketi kuzunguka meza, wakarusha dadu na kujifanya mashujaa; Dungeons & Dragons, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1974, inalo. Sasa mlete kiumbe huyo Pande, wilayani Kilwa. Atasimama mlangoni apige hodi, na ndani atajibiwa "karibu" kabla mtu hajauliza ni nani. Kwisha kazi.

Kwa hiyo anayetaka kuliandikia mchezo zimwi la pwani yetu hatafuti neno tu, anatafuta kiumbe. "Vampaya" ni tafsiri ya masikio: jina limekuja, mwenyewe kabaki Ulaya. "Mnyonya damu" linaeleweka, lakini hata mbu, kupe na ruba ni wanyonya damu. "Mnyonyaji" ndiyo kabisa! Tangu Azimio la Arusha la 1967 neno hilo lina mwenyewe: bepari mwenye kitambi, anayefyonza jasho la wengine kwa mirija. Ukiliweka kwenye mchezo, wachezaji watauliza chama cha wafanyakazi kiko wapi. Wageni humpendekeza Popobawa, aliyetia Pemba na Unguja kiwewe mwaka 1995, kwa sababu jina lake lina popo. Popobawa huvamia watu usingizini, damu si shughuli yake. Na popo wanyonyao damu wako Amerika peke yake. Wa kwetu wanakula matunda na wadudu.

Linabaki mumiani.

Neno lenyewe limetoka Uajemi, ambako "mum" ni nta. Mumiani ilikuwa dawa: kitu cheusi kama lami, kinachochuruzika miambani, walichotibia majeraha na mifupa iliyovunjika. Dawa hiyo ilifika pwani yetu kutoka huko, na Kilwa, ambayo mapokeo yake huwataja waasisi wa Shirazi, isingekuwa mgeni wa bidhaa za Kiajemi. Wazungu nao waliisikia, wakadhani ndicho kile cheusi kinachoonekana kwenye maiti zilizokaushwa za Misri. Wakawa wanazisaga na kuwanywesha wagonjwa, na jina la dawa likawa jina la maiti. Sisi tulikosea kwa njia yetu. Kitu cheusi, kigumu, kinachouzwa kuwa tiba, kinafanana na nini kama si damu iliyoganda? Kamusi ya Frederick Johnson ya 1939 inaieleza mumiani kuwa dawa, kisha inaongeza kwamba wenyeji wengi huamini imetengenezwa kwa damu ya watu.

Mtu akishaamini hivyo, lazima aulize: damu ya nani, na nani anaikusanya? Hapo dawa ikapata miguu. Wakati wa ukoloni mkusanyaji huyo alivumishwa kila mahali. Nairobi na Kampala aliitwa mzimamoto, kwa kushukiwa watu wa zimamoto na magari yao. Tanganyika alisikika pia kama chinjachinja. Mwanahistoria Luise White alizikusanya simulizi hizo katika kitabu cha mwaka 2000.

Tazama tofauti. Mumiani hajafa wala hakufufuka. Jua halimuunguzi, na kitunguu saumu anakila kwenye pilau kama sisi sote. Hana meno marefu. Ana gari, sindano na ndoo. Zaidi ya yote, damu hainywi yeye. Ameajiriwa, naye anaipeleka kwa mtu ambaye hatumuoni. Kwangu mimi hilo linatisha kuliko jeneza lolote, na mwandishi wa mchezo anayempa meno ya Dracula amelitupa bure.

Ila ampe mchezaji nafasi ya kukosea. Mwaka 2017 uvumi wa wanyonya damu ulienea kusini mwa Malawi, makundi ya watu yakaua waliowashuku, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa wafanyakazi wake kwenye baadhi ya wilaya. Mchezo usioweka uwezekano kwamba mgeni mwenye sindano ni mganga tu wa zahanati, haujamwelewa mumiani.

Basi pendekezo langu: yule wa majumba ya Ulaya aitwe vampaya, huyu wetu aachiwe jina lake. Na mwandishi achunge ngeli, kwani neno linazo mbili. Dukani, shujaa aulize: "Mumiani hii bei gani?" Njiani, gari likisimama kando yake, apige kelele: "Mumiani huyo!"