Barua kwa Nyarurembo

Nyarurembo ni kijiji cha Rwanda ambacho hakimo katika ramani yoyote. Kilibuniwa kwa ajili ya Urunana, mchezo wa redio wa Kinyarwanda ulioanza kurushwa mwaka 1999. Waanzilishi walikuwa shirika la afya la Uingereza, Health Unlimited, wakishirikiana na idhaa ya BBC ya Maziwa Makuu. Mfano waliouiga ni The Archers, mchezo wa BBC kuhusu maisha ya wakulima ambao umekuwa hewani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950. Wakazi wa Nyarurembo wanaoana, wanagombana, wanaugua, wanasengenyana. Humo humo ndimo yanamopenyezwa mafunzo ya uzazi wa mpango, Ukimwi na malezi.

Wasikilizaji nao walichangia hadithi hiyo, na utunzi wa pamoja wa namna hiyo si jambo geni Rwanda. Katika igitaramo, mkutano wa jioni wa nyimbo, majigambo na masimulizi, hadhira haikukaa kimya. Mtega vitendawili huanza kwa kuita "Sakwe sakwe!" na wenzake hujibu "Soma!", kama vile Waswahili wanavyoitikia "Tega!" Radio Rwanda, iliyoanza mwaka 1961, iliwapa wasimulizi hadhira ya nchi nzima, na kundi lake la maigizo, Indamutsa, likajulikana hadi vijijini. Ila redio ina upungufu mmoja: msimulizi hasikii anayemwitikia. Kwa muda mrefu pengo hilo lilizibwa na barua.

Kisha redio ikaingia doa. Kituo cha RTLM, kilichofunguliwa mwaka 1993, kilieneza chuki na kuchochea mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Mwaka huohuo BBC ilianzisha matangazo ya Gahuzamiryango, yaliyosoma majina ya watu waliokuwa wakitafutana baada ya kutawanywa na vita. Kwa hiyo Urunana ulipoanza, miaka mitano baadaye, ulikuta wasikilizaji wenye sababu za kuiogopa redio na wakati huohuo waliozoea kuitumia kupashana habari.

Kazi ya Urunana haikuanzia mezani kwa mwandishi. Watayarishaji waliokuwa Kigali walikwenda vijijini kuuliza watu wanaishije na wanasema nini juu ya jambo linalokusudiwa. Waandishi walitunga sehemu mpya, na kabla ya kurekodiwa ilipelekwa kwa wasikilizaji wapimwe kama wanaielewa na kama inafanana na maisha yao. Baada ya kurushwa zikaja barua. Hata hivyo kalamu ilibaki Kigali. Msikilizaji aliweza kupendekeza, kulalamika, hata kumgombeza mhusika, lakini aliyeamua nani aolewe na nani augue alikuwa mtunzi, kwa sababu kila sehemu ilikuwa na somo lake lililopangwa mapema. Bila mshika usukani wa namna hiyo, hadithi ya watu wengi husambaratika upesi.

Kanuni za utunzi zilikuwa kali zaidi katika Musekeweya, mchezo ulioanza mwaka 2004 chini ya shirika la Kiholanzi la La Benevolencija. Lengo lake lilikuwa kuonyesha jinsi chuki inavyojengeka hatua kwa hatua hadi kuwa umwagaji damu, na jinsi watu wanavyoweza kuipinga. Msingi wa mchezo huo ulikuwa nadharia ya mwanasaikolojia Ervin Staub. Wahutu na Watutsi hawatajwi kamwe. Badala yake kuna vijiji viwili, Bumanzi na Muhumuro, vinavyogombea ardhi yenye rutuba, na kijana Shema na msichana Batamuliza wanaopendana kuvuka uhasama huo. Katika nchi ambamo kuzungumzia makabila hadharani ni jambo zito, fumbo hilo liliwapa wasikilizaji nafasi ya kubishana juu ya yaliyowapata huku wakisema wanabishana juu ya Bumanzi. Bila shaka kila mtu alielewa, na hapo ndipo ulipo ustadi wa watunzi.

Mtafiti Elizabeth Levy Paluck aliufuatilia mchezo huu kwa mwaka mmoja, akilinganisha vikundi vilivyousikiliza na vingine vilivyosikiliza mchezo wa afya. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2009, hayakuwa ya kujivunia moja kwa moja: imani za watu binafsi hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni dhana yao kuhusu mwenendo unaotarajiwa katika jamii, na pia matendo. Mwishoni vikundi vilipewa redio ya kaseti na kanda za vipindi. Vya mchezo wa afya vilielekea kumwachia kiongozi mmoja avitunze vifaa hivyo. Vya Musekeweya vilijadiliana zaidi na kuelekea kuvisimamia kwa pamoja.

Afrika Mashariki ilikuwa na mfano hata kabla ya michezo hii ya Rwanda. Tanzania ilikuwa na Twende na Wakati tangu mwaka 1993, ambamo dereva wa lori Mkwaju anapata Ukimwi kwa uzembe wake. Na kwa upande wa barua, mfano wa mbali zaidi ulikuwa Marekani, ambako mwaka 1963 John Boardman alianza kuendesha kwa barua mchezo wa mezani wa Diplomacy: wachezaji walimwandikia hatua zao, naye akawatangazia matokeo. Tofauti ni kwamba huko kila mchezaji alikuwa na nchi yake ya kuiongoza, ilhali Nyarurembo msikilizaji hana mhusika wake, anao wote.

Waliouendesha Urunana baadaye waliunda shirika la Kinyarwanda, Urunana Development Communication. Oktoba 2014 Rwanda ilisimamisha matangazo ya BBC ya Kinyarwanda kwa sababu ya filamu ya BBC iliyohusu mauaji ya kimbari. Urunana, uliokuwa ukisikika pia kupitia Radio Rwanda, haukuwa ukitegemea idhaa hiyo peke yake.