Kutoka Simbi hadi Shilingi: Historia ya Fedha Zetu na Funzo kwa Anayeanza Kubadili Sarafu

Walimu wengi wa Kiswahili wamewahi kuulizwa darasani: kuna tofauti gani kati ya fedha, pesa na hela? Jibu la kawaida ni kwamba maneno hayo ni visawe. Jibu hilo si baya, lakini linatunyima hadithi ndefu. Kila neno kati ya hayo ni kumbukumbu ya sarafu iliyowahi kutumika katika eneo letu, na nyuma ya kila sarafu kuna watu waliofaidika na watu waliopoteza akiba zao. Katika makala haya tunakusudia kuifuata historia hiyo kwa ufupi, kisha tuangalie inamfunza nini mtu anayeanza kubadili fedha za nchi moja kwa za nchi nyingine.

Tuanze na simbi. Makombe haya ya baharini yalisafiri kutoka pwani hadi Buganda, na huko yakawa kipimo cha thamani. Waganda hadi leo huita fedha ensimbi, ingawa hakuna anayekwenda sokoni na makombe. Simbi zilishuka thamani kadiri zilivyozidi kuletwa kwa wingi. Pigo kubwa lilikuja na Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900, uliotoza kodi ya nyumba ya rupia 3. Serikali ilipoacha kupokea simbi katika malipo ya kodi, aliyekuwa na makapu ya simbi alijikuta na makapu ya makombe matupu. Hapa pana kanuni ya kwanza: sarafu ina nguvu maadamu yupo anayelazimika kuipokea.

Pwani, sarafu kubwa ilikuwa riale, yaani dola ya fedha ya Maria Theresa. Ilipigwa chapa ya mwaka 1780 hata miongo mingi baada ya malkia huyo kufariki. Mwaka 1882 Sultani Barghash wa Zanzibar alitoa riale zake mwenyewe pamoja na pesa za shaba, na neno pesa lenyewe limetokana na paisa ya Kihindi. Riale ilituachia neno thumni, au sumuni kama wengi wanavyotamka, maana yake sehemu moja ya nane. Riale ilikuwa na thamani ya rupia mbili na ushei. Rupia ilipohesabiwa kuwa shilingi 2, riale ikakadiriwa kuwa shilingi 4, na thumni ya shilingi 4 ni senti 50. Ndiyo sababu watu waliendelea kuiita senti 50 sumuni ilhali riale yenyewe ilikuwa imekwisha kutoweka.

Neno hela lilikuja na Wajerumani. Kampuni yao ya Afrika Mashariki ilianza kutoa rupia zake mwaka 1890, na kila rupia ilikuwa na pesa 64. Hesabu hiyo ilibadilishwa mwaka 1904, rupia ikagawanywa katika heller 100. Waswahili wakatamka hela, nao Warundi, waliokuwa chini ya utawala uleule, wakapata amahera, neno wanaloliita fedha mpaka sasa. Utawala wenyewe ulikwisha baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1916, ulipokaribia kushindwa, ulipiga sarafu mjini Tabora, zikiwamo za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, na pia ulichapa noti za dharura. Serikali ilianguka, neno likabaki.

Lakini tukio linalomfaa zaidi anayeanza kubadili fedha ni lile la miaka ya 1920 na 1921 katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Kabla ya vita, rupia 15 za India zilikuwa sawa na pauni 1 ya Uingereza. Rupia ilikuwa sarafu ya fedha kwa maana ya asili ya neno hilo, yaani ile madini nyeupe. Bei ya madini hayo ilipopanda wakati wa vita, rupia nayo ikapanda. Mwaka 1920 serikali ya Uingereza iliamua kwamba katika eneo letu rupia ihesabiwe kuwa shilingi 2 za Kiingereza, na ibadilishwe kwa sarafu mpya iliyoitwa florini. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919, ndiyo iliyosimamia kazi hiyo kutoka London. Kufikia mwanzo wa mwaka 1922 florini nayo ilikuwa imepisha shilingi ya Afrika Mashariki.

Tuone hesabu yake. Mkulima aliyekopa rupia 1,500 kabla ya vita alikuwa na deni la pauni 100. Kwa kiwango kipya cha rupia 10 kwa pauni, deni lilelile likawa pauni 150. Kama mazao yake aliyauza Uingereza kwa pauni, alihitaji mazao mengi zaidi kulipa deni ambalo kwenye daftari la benki halikuwa limeongezeka hata rupia moja. Wakati huohuo rupia ilianza kushuka tena huko India, lakini huku ilikuwa bado shilingi 2. Wafanyabiashara wakaona faida ya kuleta rupia kutoka India, na mwaka 1921 serikali ikazuia uingizaji wake na kuifuta isiwe tena fedha halali. Mwaka huohuo, bei za mazao zikiwa zimeanguka, walowezi wa Kenya waliazimia kupunguza mishahara ya wafanyakazi Waafrika kwa theluthi moja. Upinzani wa hatua hiyo ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyomwinua Harry Thuku na chama chake. Mtu ambaye hakuwahi kuona pauni alilipia gharama ya mabadiliko ya pauni. Zanzibar yenyewe ilibaki na rupia hadi mwaka 1936, ilipoingia katika shilingi, na safari hiyo rupia moja ilibadilishwa kwa shilingi 1.50. Rupia ni ileile, bahari ni nyembamba, lakini kiwango ni kingine.

Shilingi ya pamoja nayo haikudumu. Mwaka 1966 Tanzania, Uganda na Kenya zilitoa kila moja shilingi yake. Mwanzoni shilingi moja ilikuwa sawa na nyingine. Baadaye kila moja ilifuata njia yake. Uganda ya miaka ya 1970 na 1980 iliifahamu sana misamiati ya magendo na kibanda, hili la pili likiwa jina la soko lisilo rasmi la fedha za kigeni. Mei 1987 shilingi mpya ilitolewa: shilingi 100 za zamani kwa 1 mpya, na tena ikakatwa kodi ya asilimia 30. Aliyekuwa na shilingi 10,000 za zamani alibaki na 70 mpya. Maduka ya kubadilisha fedha yaliruhusiwa Uganda mwaka 1990 na Tanzania mwaka 1992, na kibanda kikaanza kukosa wateja.

Je, anayeanza afanye nini? Kwanza, atofautishe bei ya kununua na bei ya kuuza. Akibadili shilingi za Uganda kuwa za Kenya na kuzirudisha papo hapo, atapungukiwa, hata kama kiwango hakijasogea. Pili, asikope kwa sarafu moja huku akipata mapato yake kwa nyingine, bila kukadiria kitakachotokea kiwango kikibadilika. Deni la rupia 1,500 lingali linatufunza. Tatu, asiweke akiba yote katika sarafu moja kwa sababu tu mwaka huu inapanda, maana rupia nayo ilipanda. Nne, asome matangazo ya serikali kuhusu noti zinazofutwa, na asingoje siku ya mwisho. Tano, aandike. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Sisi walimu tuna zana nzuri hapa. Badala ya kumwambia mwanafunzi kwamba pesa, hela na fedha ni visawe, tumpe kazi ya kuwauliza wazee majina ya sarafu walizotumia, kila jina lilinunua nini, na lilikoma lini. Atarudi na msamiati, na pia atarudi na hesabu ya watu waliochelewa kubadili.